Kitufe cha Vali Kinapoumiza Kidole

Nimepiga eufoniamu, tarumbeta kubwa yenye sauti nzito, kwa miaka mingi katika kwaya ya matarumbeta ya usharika wetu hapa Tukuyu, na kwa muda mrefu kila nilipotoka kwenye ibada ndefu ya mazishi, kidole changu cha pete kilikuwa kinauma. Chanzo kilikuwa kitufe cha vali ya tatu (vali ndiyo huelekeza pumzi kwenye mabomba ya ala), ambacho kipande chake cha gamba la chaza kilikuwa kimedondoka na kuacha ukingo mkali wa chuma. Kwa kuukwepa ukingo huo nilikuwa nabonyeza kwa ubavu wa kidole, na pistoni, yaani chuma chenye matundu kinachoshuka ndani ya vali kitufe kinapobonyezwa, ikisukumwa upande hukwaruzana na silinda yake ikawa nzito, nami nikazidi kukaza mkono.

Nilikifungua kitufe kwa vidole vitupu, kwa maana koleo hukikwangua. Kikigoma, kizungushie kitambaa kwanza. Fundi viatu alinikatia kiduara cha ngozi laini kinachoenea ndani ya shimo lililoachwa na gamba, nikakigandisha kwa gundi yake, kisha nikakipiga msasa hadi kikawa sawa na ukingo. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapokuwa kali huku kwetu, ngozi hiyo haigandishi kidole kama chuma kitupu. Watoto wenye vidole vifupi huweza kuongezewa unene wa ngozi hiyo kidogo, ili vidole vyao vikunje kana kwamba vimeshika parachichi.

Nasisitiza kwamba marekebisho haya yafanyike juu ya kitufe tu. Kabla ya ngozi nilikuwa nimeweka washa (pete bapa) nene ya feliti, kitambaa cha sufi iliyoshindiliwa, chini ya kitufe, nikitaka mgongano uwe laini, na noti zote za vali ya tatu zikatoka zimeziba. Feliti hiyo ndiyo inayoamua pistoni isimame wapi inapobonyezwa. Ikizidi unene, matundu ya pistoni hayafiki mkabala na mabomba, na pumzi hubanwa njiani. Ikichakaa, weka nyingine yenye unene uleule wa awali. Epuka pia kubandika chuma kizito, kwa kuwa springi ndiyo italazimika kukiinua.

Ukiamua kununua vitufe vipya, nenda dukani na kimoja cha zamani, kwa sababu meno ya skrubu hutofautiana kati ya watengenezaji, na kitufe cha Yamaha kinaweza kukataa kuingia kwenye ala ya Besson. Kikikataa, usikilazimishe, kwani meno ya shina la pistoni, pale kitufe kinapofungwa, yakiharibika, kazi hiyo si ya gundi wala msasa tena.