Sahani ya Secchi: kwa nini vipimo vinapishana

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, mahali palepale, sahani ya Secchi (ile sahani nyeupe, au nyeupe na nyeusi, tunayoshusha majini kwa kamba kuona maji yanaonekana hadi kina gani) leo imekupa sentimita 90 na jana 130. Upepo uliandika? Ukivuma, tope na mwani hutapakaa, na hapo ziwa lenyewe ndilo limebadilika, hujakosea. Andika upepo kila safari, tafadhali.

Pima upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, bila miwani ya jua. Shusha sahani hadi ipotee machoni, soma kina kwenye alama za kamba. Ivute polepole mpaka weupe uchomoze tena, soma. Chukua wastani. Kamba ikienda mshazari utasoma kina kikubwa kuliko halisi, ongeza uzito chini ya sahani. Kamba ya nailoni inaweza kubadilika urefu ikilowa, kwa hiyo hakiki alama zake kwa tepu ingali imelowa.