Ukipunguza kula, mafuta ya mwili yanakwenda wapi? Tunawajibu wasomaji wa Mwanza

Shikamooni. Nina miaka 29, naishi Igoma. Nilikuwa na kilo 96, sasa nina 87 baada ya miezi minne ya kupunguza wali, soda na chipsi. Rafiki zangu wanasema seli za mafuta zikishakufa hazirudi, kwa hiyo sasa naweza kula kama zamani. Ni kweli?

Marahaba, na hongera kwa kilo hizo tisa. Rafiki zako wamekosea, tena mahali pabaya. Seli zako hazikufa, zimenywea tu. Seli ya mafuta ni kama gunia: ukimwaga dagaa waliomo, gunia lenyewe linabaki stoo likisubiri mzigo mwingine.

Kwa mtu mzima, idadi ya seli hizo haibadiliki sana. Kila mwaka takribani moja katika kumi hufa, na nyingine huzaliwa kuziba pengo. Watafiti wa Stockholm, Sweden, walilionyesha hilo mwaka 2008 kwa kupima kaboni ya mionzi iliyosambaa angani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia, maana kiasi kilichomo ndani ya seli hueleza ilizaliwa lini. Walipima pia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Miaka miwili baadaye seli zao zilikuwa ndogo zaidi, lakini idadi ilikuwa ileile.

Kuna jambo la pili. Seli ya mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, inayoupa ubongo habari za akiba iliyopo. Ukianza kula kidogo, leptini hushuka ndani ya siku chache, tena hushuka kuliko mafuta yenyewe yalivyopungua. Ubongo husoma hapo kwamba kuna njaa nchini. Hamu ya kula hupanda, na mwili huanza kubana matumizi ya nguvu. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2011 ulikuta homoni za njaa bado hazijarudi mahali pake mwaka mzima baada ya watu kupungua. Kwa hiyo dada, njaa unayoisikia sasa si ulafi, na ukirudia chakula cha zamani utarudia kilo za zamani.

Wiki ya kwanza bila ugali nilishuka kilo 4. Wiki mbili zilizofuata, nusu kilo tu. Mizani imeharibika? — Kaka wa Kirumba

Mizani ni nzima. Kilo zile nne nyingi zilikuwa maji. Ini na misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu yake hushikilia gramu 3 hivi za maji. Ukikata ugali, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo.

Mafuta hayana haraka namna hiyo. Kilo moja ya tishu ya mafuta ina takribani kilokalori 7,700. Ukipunguza 500 kwa siku, kuimaliza kilo hiyo kunachukua siku 15 au 16. Nusu kilo kwa wiki mbili ni kasi ndogo kidogo, lakini ni mafuta ya kweli.

Na wale wanaovaa koti la nailoni na kupanda mlima wa Bugando saa saba mchana ili "mafuta yatoke kwa jasho", wajue hivi: kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi, na 1.6 tu hugeuka maji. Jasho unalirudisha kwa glasi mbili za maji.

Nimepungua uso na mikono, lakini kitambi na nyonga vipo palepale. Nitumie mkanda wa tumbo au maji ya ndimu? — Mama wa Nyegezi

Mkanda unabana tu, ndimu ni kiungo. Vyote viwili haviwezi kuchagua mafuta ya kuondoa.

Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi. Yaliyozunguka utumbo na ini yako ndani, na hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Habari njema ni kwamba ya ndani huitikia mapema. Mafuta yaliyojaa kwenye ini huanza kupungua ndani ya wiki chache, wakati ya nyonga na mapaja hung'ang'ania, hasa kwa wanawake. Ndiyo maana mtu anaweza kupunguza asilimia 5 tu ya uzito, yaani kilo 4.5 kwa mwenye 90, vipimo vya sukari vikawa bora, na bado majirani hawajaona kitu.

Acha kioo, tumia futi ya fundi cherehani. Simama, shusha pumzi kawaida, pitisha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, isilegee wala isibane ngozi. Pima asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki mbili. Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume 94, hatari imeanza kupanda.

Nile nini ili yapungue mafuta na si nyama ya mwili? Nisitajiwe vyakula vya supamaketi, niko Buhongwa.

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Anayepunguza chakula bila mpango, karibu robo ya uzito unaotoka si mafuta, na sehemu kubwa ya robo hiyo ni misuli. Misuli ndiyo inayotumia nguvu hata ukiwa umekaa, hivyo kuipoteza ni kujikatia tawi. Vinavyoilinda ni viwili: protini ya kutosha na kazi ya misuli.

Kadiria gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Anayelenga kilo 75 anahitaji gramu 90 kwa siku. Hapa ziwani hilo halina ugumu. Gramu 150 za mnofu wa sato au sangara zina kama 30. Dagaa wakavu gramu 40 wana zaidi ya 20. Mayai mawili ni 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15, glasi ya mtindi ni 8. Umekaribia kabisa. Gawa protini hiyo kwenye milo yote mitatu, usiirundike usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari.

Kinachoharibu ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori 120, na dagaa wa kukaangwa hunywa mafuta kweli kweli. Wachemshe kwa nyanya, kitunguu na ndimu, kisha tia vijiko viwili vya mafuta kwa sufuria ya watu wanne. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Ugali usizidi ngumi yako. Ukiwa wa dona ni bora zaidi. Nusu ya sahani iwe matembele, mchicha au mlenda.

Tahadhari kuhusu michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa sababu wengi huiona chakula chepesi cha chai. Kiazi kitamu kibichi kina kilokalori 86 hivi kwa gramu 100. Kikikaushwa, maji yametoka na utamu umebaki, hivyo uzito uleule unabeba mara tatu hadi nne ya hizo. Ukiongeza karanga, ni mlo kamili. Basi ihesabu kama mlo.

Kazi ya misuli ni siku mbili au tatu kwa wiki: kuinuka kwenye kiti bila kushika mara 10, kusukuma ukuta mara 10, kubeba ndoo mbili zenye uzito sawa na kutembea hatua 30. Rudia mzunguko huo mara tatu. Kutembea peke yake kunafaa moyo, lakini hakutoshi kuilinda misuli.

Nimepungua na kunenepa tena mara tatu. Mwili wangu umelogwa? — Msomaji wa Sengerema

Haujalogwa, unakumbuka. Mwaka 2024 watafiti wa Uswisi walichapisha kwenye jarida la *Nature* vipimo vya tishu za mafuta za watu wenye unene uliopitiliza, kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito na miaka miwili baada yake. Mabadiliko mengi katika utendaji wa jeni za seli hizo yalikuwa bado yapo ingawa watu walikuwa wamepungua sana. Panya waliowahi kunenepa walirudia unene haraka kuliko wenzao walipopewa tena chakula cha mafuta mengi.

Kwa maoni yetu, kosa la wengi ni kufukuzia kilo 20 kwa miezi mitatu. Lenga asilimia 5 hadi 10, kisha simama hapo miezi sita ukila kwa kipimo kilekile kabla ya kushuka tena. Kushuka zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki huongeza pia hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula yasikufanye umeze dawa za gesi. Nenda ukapigwe ultrasaundi.

Mume wangu ana kisukari, anatumia glibenklamaidi. Anataka kuanza kula mara moja kwa siku. — Mama wa Ilemela

Asianze kabla hajaonana na daktari wake. Glibenklamaidi, kama insulini, hushusha sukari hata asipokula, hivyo dozi hupangwa upya *kabla* ya chakula kupunguzwa. Dawa za presha nazo zikaguliwe. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuongea ovyo, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima baada ya dakika 15, rudia kama bado. Akipata nafuu ale chakula, maana dawa hiyo inaweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baadaye. Akishindwa kumeza, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.