Barua kwa mwanangu: anzia kwenye jengo la mawe

Mwanangu mpenzi,

Huku Voi hatujambo, ila jua ni kali na mvua bado. Swali lako nimelipata, na nimeona nisikujibu kwa simu kwa kuwa maneno ni mengi. Umesema mwalimu mkuu amekukabidhi kazi ya kuandika historia ya shule, na wanafunzi wako wa Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini iliyowekwa ndani ya shule za msingi, hawaishi kukuuliza kama wao ni wa msingi au wa sekondari. Ua ni ule ule, mwalimu mkuu ni wa msingi, sare ni tofauti, na lango bado linasema "Primary". Ukaniuliza: "Mama, sisi ni shule gani hasa?"

Ni shule ya kati, mwanangu, na iliwahi kuwa hivyo kabla wewe hujazaliwa.

Nenda kwenye lile jengo la mawe asubuhi, jua likiupiga ukuta kwa upande. Tazama juu ya mlango wa darasa la mwisho. Utaona herufi tatu zilizochongwa kwenye plasta: INT. Wamepaka rangi juu yake miaka nenda miaka rudi, na ukipitisha kidole bado unazisoma. Hiyo ni intamidieti. Nilisoma humo.

Mpango wenyewe ulitokana na Ripoti ya Beecher ya 1949, ya enzi za mkoloni, kuhusu elimu ya Waafrika: mtoto wa Kiafrika asome miaka minne ya msingi, minne ya intamidieti, kisha minne ya sekondari. Ukisikia hivyo unaona ngazi nzuri. Lakini mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, na aliyeanguka masomo yake yaliishia hapo, naye ni mtoto wa miaka kumi na kidogo. Waliopita waliingia la tano, wakasoma hadi la nane, wakafanya KAPE, mtihani wa kumaliza intamidieti, kwa Kiingereza, na hapo tena wengi wakabaki nje. Wazungu na Wahindi walikuwa na shule zao mbali na zetu.

Mjomba wako nami tuliufanya mtihani ule wa darasa la nne mwaka mmoja. Mimi nikapita, yeye akaanguka. Muhula uliofuata nilishuka na sanduku la mbao kichwani kwenda kulala bwenini, naye akabaki akichunga mbuzi wa babu yako, na alipopata kimo akaenda kukata mkonge Mwatate. Hesabu za kichwa alikuwa ananishinda, na hata leo ananishinda. Nimekaa na jambo hili miaka yote, na sijaona haki yake.

Intamidieti ilikuwa na fahari yake, siwezi kukana. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kikigongwa kilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Tulilima bustani ya shule, tukafagia ua kabla ya jua kuchomoza, na aliyenaswa akizungumza Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa kipande cha ubao shingoni hadi amnase mwenzake. Wasichana tulikuwa wachache mno. Mzee aliyempeleka binti yake kule alisemwa sokoni Wundanyi, na babu yako alisemwa sana.

Kisha ukaja uhuru. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ikapendekeza msingi uwe miaka saba, intamidieti ikafa, na jengo letu likaunganishwa na shule ya watoto wadogo iliyokuwa ng'ambo ya ua. Sheria ya Elimu ya 1968 nayo ikaifanya serikali kuwa msimamizi, kanisa likabaki mdhamini. Hayo ya 1974, karo ilipoondolewa darasa la kwanza hadi la nne, na ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni uliyokunywa wewe mwenyewe, yaandike kwa ufupi tu. Ila 8-4-4 ya 1985, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, usiipite haraka. Darasa la nane lilirudi, na wazazi tukaambiwa tujenge karakana na chumba cha sayansi kimu kwa harambee. Mawe ya chumba kile niliyabeba nikiwa na mimba yako. Ndicho hicho unachofundishia sayansi sasa, bila bomba la maji wala meza ya majaribio.

Kwa hiyo watoto wakilalamika kwamba wamewekwa kwenye shule ya msingi bila maabara, usiwanyamazishe. Wana haki. Gredi ya 7 ilianza Januari 2023, na madarasa yakafuata nyuma. Lakini waambie na hili: mtihani wa Gredi ya 6 hauwafungii mlango. Wote wanapanda. Yule mtoto wako wa dawati la nyuma uliyeniambia anasoma polepole, enzi zetu angekuwa ameshaachwa. Mimi nikiulizwa shule hii ijivunie nini, sitataja KAPE. Nitataja kwamba chujio la darasa la nne limeondolewa, na katika jengo lile lile.

Ukiandika, usiishie kwenye majina ya waliofaulu yaliyo kwenye ubao wa ofisini. Mwombe mwalimu mkuu akufungulie rejista za zamani kabla mchwa hawajazimaliza, uwatafute walioishia la nne na uwaandike nao. Wengine wako hai. Mjomba wako amekubali kukusimulia, lakini anataka umwendee mwenyewe, si kwa simu. Jumamosi yuko nyumbani mchana kutwa. Mbebee sukari na majani, na umpigie shangazi yako kabla hujapanda ili wasikukose.

Mama yako.