Unajifunza Kijerumani? Ingia kwenye be- kwa mlango wa kutendea

Aliyekua akizungumza Kiswahili ana mtaji mkubwa anapojifunza Kijerumani, na vitabu vya kozi havimwambii: kauli ya kutendea. Ndiyo iliyonifungulia kiambishi be-, na natamani ikufungulie na wewe.

Chukua kitenzi "kulia". Mtu analia kwa ajili ya baba yake, au tunasema tu anamlilia baba yake. "Kwa ajili ya" haihitajiki tena; kitenzi kinamshika baba moja kwa moja. Kijerumani nacho: er weint um seinen Vater, halafu er beweint seinen Vater. Um imetoka, be- imeingia. Sisi tunaongeza mwishoni mwa kitenzi, wao mwanzoni, lakini kazi inakaribiana sana. Lugha ndugu zinayo pia: Waholanzi wana bewenen, Waswidi begråta, Waingereza bewail. Kwa Waswidi, maneno mengi ya be- yaliletwa na Kijerumani cha Kaskazini enzi za wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya. Ndiyo maana "kulipa" ni bezahlen kwa Wajerumani, betalen kwa Waholanzi na betala kwa Waswidi.

Kwa hiyo usikariri be- ikiwa peke yake. Andika sentensi mbili zikiwa jozi, uzisome kwa sauti. Ich antworte auf die Frage. Ich beantworte die Frage. Zote mbili: nalijibu swali. Mimi napenda jozi ya Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller: er ist auf den Berg gestiegen, er hat den Berg bestiegen, yaani alipanda mlima. Hapo unaona mengi kwa mpigo. Auf imeondoka, ist imegeuka hat, na ge-, kiambishi cha wakati uliopita kama kwenye gestiegen, haikupata nafasi kwa sababu be- imeshakalia mlango. Ni hivyo hivyo kwa bezahlt na besucht. Mkazo nao hauiangukii be- kamwe.

Si kila be- inatii. Begegnen, yaani kukutana na mtu, inataka dem (umbo la "kwa nani"), si den (umbo la mtendwa wa moja kwa moja), tena wakati uliopita inakwenda na sein, kitenzi cha ist, si hat. Na tafadhali, bekommen usiichukulie kama become ya Kiingereza, ingawa zimetoka shina moja. Bekommen ni kupata. Ukiwa mkahawani Berlin, sema ich bekomme einen Kaffee, na mhudumu atakuletea kahawa.