Kabla hujamjibu mzazi wako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba baba yake hasemi naye tangu alipoacha ajira, akaniuliza atumie maneno gani ili mzee akubali kwamba zama zimebadilika. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa kuwa swali hilo niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe, nikalijibu vibaya, na kwa miezi 14 sikuisikia sauti ya baba yangu.

Nilikuwa na ajira ya kudumu yenye bima na pensheni, nikaiacha ili nitengeneze programu za kompyuta kwa wateja wangu mwenyewe. Baba nilimwarifu kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, siku nne baada ya kukabidhi barua ya kujiuzulu. Alijibu, "Sawa." Nilipokwenda kumwona, nilimkuta ametandaza mezani hati zake za mshahara za miaka 31, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. "Mwanangu," aliniambia, "hizi ndizo zilizokusomesha." Sikuzitazama. Nilianza kumhubiria habari za intaneti na masoko mapya, nikafika hata kumwambia kwamba dunia yake imepita. Alizikusanya fungu moja moja, taratibu, akaingia chumbani. Kumbukumbu hiyo inaniuma hadi leo.

Mwanasosholojia Karl Mannheim, katika insha yake ya mwaka 1928 kuhusu vizazi, alieleza kwamba mambo yanayotukuta ujanani huwa ndiyo kipimo tunachopimia yote yanayofuata. Nilipoyasoma maneno hayo nilirudi kwa baba, safari hii bila hoja, nikamwuliza ujana wake ulikuwaje. Ndipo nilipojua kwamba babu alikuwa kibarua, anaajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni, na kwamba bibi alikuwa akisimama mlangoni kila magharibi kuangalia kama amerudi na chochote mkononi. Kwa mtoto aliyekulia mlango huo, hati ya mshahara si karatasi.

Basi wewe uliyeniandikia, usitafute maneno ya kumshinda baba yako. Mwulize alipokuwa na umri wako aliogopa nini, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata akirudia yale yale. Sisemi kwamba wazee watuchagulie maisha. Mimi sikurudi kwenye ajira, sijuti, na leo nawalipa mishahara vijana watatu. Lakini heshima si kutii tu. Heshima ni kumpa mzazi habari yako kwa mdomo wako, ukiwa umeketi mbele yake, kabla watu wengine hawajaijua.

Mwezi uliopita baba aliniuliza kama hao vijana wangu nawapa hati za mshahara. Nilikuwa siwapi. Sasa nawapa kila mwisho wa mwezi, na ile ya kwanza niliipeleka kwake aikague kabla sijaitia saini.