Mwanangu, Usimsubiri Simba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako ya kutoka bonde la Luangwa, Zambia, imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali uliloliweka mwishoni si dogo kama ulivyoliandika. Umesema kwamba umetembea kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya South Luangwa asubuhi baada ya asubuhi, ukawaona tembo, nyati, twiga na makundi ya swala wanaoitwa puku, lakini simba umemwona ukiwa ndani ya gari tu. Ratiba inakutaka uondoke wiki ijayo kwenda hifadhi ya Mana Pools, Zimbabwe, ng'ambo ya mto Zambezi, nawe unauliza kama inafaa usogeze tarehe mbele mpaka umpate simba ukiwa umesimama ardhini. Jibu langu ni kwamba uondoke kama ulivyopanga, na sababu zake nitazieleza, maana najua tangu utotoni hupendi kupewa jibu tupu.

Katika miaka niliyofanya kazi ya kuwatembeza wageni porini, walionitia wasiwasi zaidi hawakuwa waoga, kwa kuwa mwoga husikiliza. Wasiwasi ulitoka kwa mgeni aliyekuja na deni la mnyama mmoja. Anayeongoza msafara wa miguu hufanya uamuzi kila baada ya hatua chache: upepo umegeuka au bado, kichaka kile kipitwe kulia au kushoto, jua linatupiga machoni sisi au wanyama. Uamuzi huo huwa salama pale anayeufanya anapokuwa huru kusema hapana. Akijua kwamba nyuma yake kuna mtu aliyesogeza tarehe na kulipa siku za ziada kwa ajili ya simba, basi bila mtu yeyote kutamka neno, atafuata nyayo hadi ndani ya majani marefu ambayo siku nyingine angeyazunguka. Sheria ya Zambia inayotaka mfuatane na skauti, yaani askari wa wanyamapori mwenye silaha, ni nzuri, ila bunduki ile imewekwa kwa ajili ya dakika ambayo maamuzi mengine yote yamekwisha kushindwa, na usingependa kuwa sababu ya dakika hiyo kufika.

Tena hebu fikiri ni kitu gani hasa unachokisubiri. Simba waliozoea magari huliona gari kama kitu kimoja kikubwa kisicho na habari nao, ndiyo maana umeweza kukaa karibu nao wakilala. Mtu aliyesimama kwa miguu miwili wanamjua vizuri na wanamhofia. Mara nyingi watakusikia au kukunusa kabla hujawaona, na utakachopata ni mgongo wa rangi ya majani makavu ukitokomea, au mngurumo mfupi wa kukuonya usiendelee, baada yake mnarudi nyuma taratibu bila kuwapa kisogo wala kukimbia. Ni tukio la sekunde chache. Simwambii mtu kwamba halina maana. Nasema tu kwamba halistahili kupangiwa wiki nzima, na linapotokea huwa limejileta lenyewe.

Kuhusu ile asubuhi ya tembo, ambapo kiongozi wenu aliwarudisha nyuma ukahisi ameharakisha: kwa jinsi ulivyoieleza, alifanya jambo la ustadi kuliko yote uliyoyasimulia. Tembo anayekula kwa utulivu hupeperusha masikio kwa mwendo usiobadilika ili kupoza damu, na mkonga wake una kazi ya kufanya. Akisita kutafuna, akauacha mguu mmoja wa mbele ukibembea hewani, au akaielekeza ncha ya mkonga upande wenu, tayari ameanza kuwafikiria. Wakati mwingine atajifanya anakula, akishika tawi bila kulivunja. Ukisubiri mpaka atanue masikio na kuinua kichwa, umechelewa. Hapo yeye ndiye anayeamua mkutano uishe namna gani. Kiongozi mzuri huondoka kwenye ishara ya kwanza, ambayo mgeni haioni, na dalili kwamba amepatia ni kuwa tembo anarudi kwenye chakula chake kana kwamba hakuna aliyepita. Dume mwenye majimaji yanayotiririka shavuni kutoka kwenye tezi iliyo kati ya jicho na sikio, na mkojo unaomdondoka miguuni, ni habari nyingine kabisa: homoni za uzazi zimempanda na hahitaji kukosewa ili akasirike, kwa hiyo huyo apishwe kwa mbali mno. Kwa nyati madume wazee wanaokaa peke yao, na kwa kiboko aliye nchi kavu, huna haja ya kusoma ishara. Wa kwanza usimfuate kichakani, na wa pili usiwahi kusimama kati yake na maji.

Uliwahi kulalamika, ulipokuwa Bwindi, Uganda, kwamba saa moja na gorila ni fupi. Pale muda umewekwa na kanuni, pamoja na idadi ya wageni kwa kila familia, wasiozidi 8, na umbali wa kusimama, kwa sababu maradhi yetu ya njia ya hewa yanaweza kuwapata wanyama hao, na gorila wa milimani waliobaki duniani ni zaidi kidogo tu ya 1,000. Sokwe wa Gombe na Mahale nao wanalindwa kwa kanuni za namna hiyo hiyo. Luangwa hakuna anayewashikia saa, lakini kikomo kipo vilevile, ila hapo anayekiweka ni mnyama, tena hukibadilisha kila siku kwa kadiri ya upepo, ndama na njaa yake. Ndiyo maana sikubaliani na hesabu yako ya kwamba siku zaidi zitaleta zaidi.

Umeandika pia kwamba asubuhi mbili tatu “hatukuona kitu”. Hapo, mwanangu, nitakubishia. Umbali wote huo mlikuwa mkitembea juu ya maandishi mabichi. Unyayo wa chui au simba hauna alama za kucha, kwa kuwa huzirudisha ndani anapotembea, lakini wa fisi na wa mbwa mwitu unazo. Kingo zake zikiwa bado kali na umande haujazigusa, mwenyewe amepita baada ya alfajiri. Twiga kadhaa waliosimama wakitazama upande mmoja bila kutafuna wanakuonyesha mahali ambapo huenda yupo huyo simba unayemtaka. Kuna na mlembe, ndege mdogo anayepiga kelele na kurukaruka mbele ya mtu kumwelekeza kwenye nyuki. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi na warina asali wa Kiyao katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, walionyesha kwamba mlio maalumu ambao warina hao hurithishana uliongeza uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka takribani asilimia 33 hadi 66. Aliye garini hapati hata chembe ya mazungumzo hayo. Muulize skauti wako kama anamjua ndege huyo, na asubuhi moja kati ya zilizobaki mwombe mtembee bila kutafuta mnyama yeyote. Nina hakika atafurahi kupata mgeni wa namna hiyo.

Hoja yako nyingine ni kwamba Luangwa ndiyo chimbuko la safari za miguu, hivyo ukiiacha umeacha bora. Chimbuko ni kweli. Mwaka 1950 Norman Carr alikubaliana na Chifu Nsefu kwamba kambi ya wageni ijengwe kwenye ardhi ya chifu na mapato yake yaiendee jamii, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni, na baadaye akaanza kuwatembeza wageni kwa miguu katika bonde hilo. Lakini heshima ya mahali haimlazimishi msafiri kupang'ang'ania. Ningekuambia ubaki kama ungesema umeanza kukijua kipande kimoja cha mto na unataka kukipita tena na tena uone kinavyobadilika. Hukuandika hivyo. Umeandika kwamba kuna mmoja amebaki kwenye orodha yako, na orodha hiyo, nikujuavyo, ikipata simba itadai chui.

Kalenda nayo haikusaidii. Oktoba joto la bonde hilo huwa kali na wanyama hukusanyika kwenye maji yaliyobaki, jambo linalofaa macho yako. Lakini mvua za Novemba zikianza, wanyama hutawanyika na barabara nyingi hazipitiki, Luangwa na Mana Pools pia. Kila siku utakayoiongeza hapo unaikata kule, na kule kuna kitu ambacho hukijui bado: ukingo wa Zambezi wenye migunga mirefu inayoangusha maganda ya mbegu mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo malisho mengine yamekwisha, na tembo madume wachache waliojifunza kusimama kwa miguu ya nyuma ili kuyafikia matawi ya juu. Eneo hilo liliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984.

Limebaki lile uliloligusa kwa mstari mmoja, labda ukitumaini nisilione. Mana Pools inajulikana kwa kuwaruhusu wageni kutembea bila kiongozi, nawe umesema “huenda nikajaribu”. Usijaribu. Chini ya migunga mtu huona mbali na kujiona salama, lakini ukiacha mto nyuma yako vichaka hukaza, na ndani yake nyati na simba hupumzika mchana. Tafuta kiongozi mwenye leseni ya Zimbabwe, ambayo mtu huipata baada ya miaka ya mafunzo na mitihani migumu, na kabla ya kutoka muulize mambo mawili: ishara gani ya mkono atatumia kukusimamisha, na akishambuliwa mbele yako wewe ufanye nini. Akijibu kwa mzaha, mtafute mwingine. Jambo la simba usimtajie kabisa.

Ukishavuka mpaka wa Chirundu niandikie jina la kambi utakayofikia, maana baba yako huniuliza kila jioni na nimechoka kumwambia kwamba sijui.

Mimi mama yako