Tembea kwanza, ufagio baadaye

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Mtaani kwenu kuna eneo la kihistoria la watu wote? Wananchi wanajitolea kulitunza, na kitu gani kinawafanya warudi tena?" Nawajibu kutoka Ujiji, Kigoma. Kinachowarudisha watu kwetu ni matembezi. Ufagio peke yake haumrudishi mtu.

Eneo letu mnalijua hata kama hamjafika. Ndipo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipomkuta David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, chini ya mwembe mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, na iliyopo leo wazee wanasema ni uzao wake. Kuna mnara wa mawe, kuna makumbusho, na kuna kivuli ambacho saa saba mchana kina thamani kuliko vyote viwili.

Tulianza vibaya. Jumamosi ya kwanza tulikuja watu zaidi ya thelathini, na fulana tulizogawiwa na wafadhili. Tukafyeka, tukafagia, tukapiga picha. Jumamosi ya tatu tulibaki wanne, mmoja wetu akiwa mwenye fyekeo aliyekuja kulichukua. Na katika ile Jumamosi ya picha vijana walikata pamoja na nyasi miche ya miembe ambayo mzee mmoja jirani alikuwa ameiacha iote makusudi. Tulikwenda kwake kuomba radhi. Alituitikia shikamoo, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mnakata msichokijua." Akatutembeza yeye mwenyewe, kutoka kwenye mnara mpaka Ziwa Tanganyika, pole pole na bakora yake. Tulifika saa nne, na hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuja kufagia.

Tangu siku hiyo tunatembea kwanza, na aliyetembea hubaki kufyeka bila kuombwa.

Anayeongoza tunamwita kirangozi, jina la aliyetangulia mbele ya misafara ya zamani. Kazi hiyo inazunguka: leo mwanafunzi wa sekondari, kesho mama muuza dagaa. Sharti ni moja tu, usitunge. Kijana wetu mmoja aliwahi kuwaambia wageni kwamba watumwa walifungwa kwenye mti huu huu. Alipoulizwa ameyatoa wapi, alicheka. Alirudi kwenye ufagio kwa mwezi mzima.

Hatuanzi na wale wazungu wawili. Tunaanza na Susi, mtumishi wa Livingstone, kwa sababu ndiye aliyetoka mbio kuupokea msafara wa Stanley ulipokuwa unaingia mjini huku bunduki zikilia na bendera ya Marekani ikipepea. Miaka miwili baadaye Livingstone alifia katika nchi inayoitwa Zambia leo. Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao wakaukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mapema mwaka 1874. Mwili ukazikwa Westminster Abbey, London. Watoto wakisikia hivyo huuliza swali lile lile: "Na wao walizikwa wapi?" Ni swali zuri kuliko mengi ya watu wazima.

Halafu inakuja ndoo. Mpagazi wa msafara, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka pwani mpaka huku, zaidi ya kilomita 1,000. Sisi tunaweka chini ndoo ya lita ishirini na dumu la lita kumi, yote yamejaa maji, tunamwambia anayetaka abebe vyote mpaka mwembe wa pili. Dereva bodaboda mmoja mwenye kifua kipana alifika nusu ya njia, akaweka chini, akasema Wanyamwezi wasamehewe deni lolote wanalodaiwa. Tangu siku hiyo hajakosa Jumamosi.

Kuna sehemu moja tunapita kwa adabu. Wengi wa Ujiji ni Wamanyema, mimi mmoja wao, na wazee wetu walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wengine kwa hiari yao, wengine wakiwa na minyororo. Livingstone mwenyewe alirudi Ujiji amevunjika moyo baada ya kushuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, huko Manyema, Julai 1871. Hayo tunayasema wazi. Tusichofanya ni kumuuliza mtu mbele ya kadamnasi babu yake alikuja vipi. Anayetaka kusema atasema akiwa ameketi, mara nyingi wakati wa chai. Bibi yangu hakuwahi kusema, na sikumlazimisha.

Mwisho wa safari ni ufukweni, kwa mafundi wanaochonga maboti. Hapo mgeni huuliza kwa nini mwembe uko mbali na maji wakati simulizi zote zinamweka Livingstone karibu na ziwa. Jibu linawafurahisha hata wenyeji. Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Wakati ule mdomo wake ulikuwa umeziba kwa tope na majani, maji yakapanda mwaka hadi mwaka. Kwenye 1878 mto ukazibuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Mji ukabaki juu. Miaka hii ya karibuni limepanda tena, likameza nyumba na sehemu za mialo hapa Ujiji na kule Kibirizi. Tulipokuwa tunasimama mwanzo sasa ni maji, kwa hiyo matembezi yetu yamefupika, na fundi mmoja hututania kwamba siku moja tutamkuta Livingstone akioga.

Mmeuliza pia kama tunalipwa. Hatulipwi. Ruhusa tuliiomba kwa wasimamizi wa eneo na kwa mwenyekiti wa mtaa, na mgeni akitoa chochote kinanunua maji ya kunywa na kunoa mafyekeo. Miche ya yule mzee tumeizungushia miba, mbuzi wasiifikie. Mitatu imeshika. Tunachokosa sasa ni toroli, maana la kwanza limeoza bati lote, na majani ya miembe tunayabeba kwenye kanga za kina mama, ambao wameanza kunung'unika.

Msomaji wenu, Ujiji